Baba wa Kukodi

"Futa."

Kamya hakusalimia wala hakuvua kofia. Alisimama mlangoni mwa duka, simu mkononi, jasho likimtoka.

"Nifute nini?" Kisakye alikuwa amepiga magoti sakafuni akipima pindo la gomesi ya mteja, lile gauni refu la sherehe, iliyotundikwa ukutani, pini zimejaa mdomoni.

"Ile klipu ya mzee. Ifute sasa hivi, mbele yangu."

"Eh! Watu laki mbili wameshaiona, mukwano. Nikifuta sasa nitakuwa nimefuta nini?"

"Kisakye, sifanyi mchezo."

Akatoa pini mdomoni, akamtazama vizuri. Miaka miwili ya uchumba, hajawahi kumwona Kamya akitetemeka kidevu.

"Tangu lini unawaonea huruma matapeli?"

Hebu niwaambie hiyo klipu ilikuwa na nini, maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Kisakye alikuwa na duka la kushona na kukodisha magomesi hapa Mukono, na kwa kazi hiyo hakuna kwanjula, sherehe ya kijana kutambulishwa kwa wakwe, iliyompita. Mabibi harusi aliwavalisha yeye. Alichokiona ukumbini alikipeleka mtandaoni, kwenye ukurasa wake wa Jicho la Kwanjula, bila jina lake wala sura. Aliyejua mwenye ukurasa ni nani alikuwa Kamya peke yake. Magari ya kuazima, maua ya plastiki, mashangazi waliolewa pombe kabla ya chakula, wote waliwahi kupitia pale na watu wakacheka mpaka machozi.

Safari hii alikuwa amewanasa wazee wa kukodi. Kijana akiwa hana baba wa kuonyesha kwa wakwe, hutafuta mzee mwenye kanzu safi na ulimi mwepesi, amsimamie siku moja. Kila mtu anajua mambo hayo yapo, hakuna anayesema. Kisakye akasema. Aliunganisha video za sherehe tatu. Katika ya kwanza, mzee mmoja mwembamba mwenye mwanya alijitaja kuwa wa ukoo wa Nyani, baba wa bwana harusi. Katika ya pili akawa wa Fungo, katika ya tatu wa Mbega, na kila mara alimkumbatia kijana akilia, "Mwanangu huyu!" Lakini sherehe zote tatu, chakula kilipokuja, alisukuma pembeni mchuzi wa uyoga. Kisakye akaandika chini yake: "Mzee amedanganya koo tatu mwezi mmoja, ila mwiko wa ukoo wake wa kweli umemshinda. Wa Uyoga wote, njooni mchukue mtu wenu!"

Na Kamya mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Uyoga, wasiogusa uyoga.

"Nikuulize," Kisakye alisema akisimama. "Umewahi kumkodi huyu mzee?"

"Sijawahi."

"Umewahi kwenda kwanjula kwa msichana mwingine, Kamya?"

"Sijawahi! Naapa mbele ya Mungu."

"Basi unatetemeka nini?"

Kamya akatoka. Nje akageuka.

"Unasema unachotaka kwa sababu hakuna anayejua ni wewe. Ungesema hivyo ukiwa umesimama hapa barabarani kwa jina lako?"

Kisakye akarudi kwenye pindo, akachoma pini kwa hasira.

*

Mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinamnuka. Jumamosi walikaa kula matoke na mchuzi wa karanga, Kamya akaenda kunawa, simu yake ikawaka mezani. Ujumbe ulikuwa wa mtu aliyeandikwa herufi moja tu: B.

"Umeshamwambia huyo mwanamke wako afute? Usipomwambia nitakuja mwenyewe dukani kwake. Nimechoka kufichwa."

Nimechoka kufichwa! Niambieni, ni mwanamke gani atasoma hayo wiki mbili kabla ya kwanjula yake aendelee kumeza matoke. Kamya aliporudi alikuta sahani imesukumwa.

"B ni nani?"

"B?"

"Usirudie swali langu, nimelisikia. B ni nani, na unamficha wapi?"

"Ni mtu wa kwetu."

"Kwenu wapi? Kwenu ni Mbarara, uliniambia. Baba mgonjwa, yuko kwa mdogo wake, hawezi safari. Miaka miwili sijamwona. Sasa leo una mtu wa kwenu anayejua njia ya dukani kwangu?"

"Baba amepata nafuu," Kamya alisema haraka, haraka mno. "Anakuja. Nitamleta kwa shangazi yako Jumanne mumwone."

Kisakye alitaka kuamini. Baba yake mwenyewe, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ameshasema maneno yake: "Simtoi binti yangu kwa mtu asiye na kwao. Siku ya siku nataka nimwone baba yake macho kwa macho."

*

Jumanne Kamya alimleta mzee sebuleni kwa Senga Federesi, shangazi yake Kisakye, ambaye ndiye mshika mambo yote ya ndoa hii. Mzee aliitwa Festo. Suti ya kijivu, kiatu kinang'aa, mstaafu wa benki, Kiingereza kingi. Kisakye alipiga magoti akamsalimu, naye akamjibu kwa upole.

Senga alimimina chai ya tangawizi, akauliza habari za mvua, akauliza habari za ng'ombe. Kisha, akiwa amempa mgongo, akaita:

"Ssalongo, sukari unaweka ngapi?"

Kimya. Mzee Festo alikuwa anatazama picha ukutani.

"Ssalongo!"

Mzee akatazama mlangoni, kuona ni nani ameingia.

Kamya akakohoa. "Baba, senga anakuuliza sukari."

"Oh! Mimi? Usiweke, nina kisukari."

Wageni walipoondoka, Senga hakuinua hata kikombe kimoja. Alikaa akijipepea na kitenge.

"Huyu si baba yake."

"Senga jamani..."

"Mchumba wako anaitwa nani?"

"Kamya."

"Na Kamya ni nani? Ni mtoto anayemfuata Kizza. Na Kizza ni nani? Ni anayewafuata mapacha. Mtu hawezi kuzaa Kamya kabla ya kuzaa pacha. Na mwanamume akizaa pacha anaitwa Ssalongo mpaka wanamfukia. Mwanamume wa Buganda aitwe Ssalongo asigeuke? Mimi ni Nnalongo, mama wa pacha. Hata nikiwa usingizini, ukiniita naitika!"

Kisakye akakaa chini kwenye mkeka. Senga akaendelea, sauti imeshuka.

"Mwanangu, umeletewa baba wa kukodi. Wewe, ambaye juzi ulicheka mpaka ukashika mbavu kwa ile klipu ya Jicho la Kwanjula. Kama ana baba wa kukodi, mengine aliyokodi ni yapi?"

*

Njiani kurudi dukani simu ya Kisakye ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye Jicho la Kwanjula?"

"Nani amekupa namba hii?"

"Mwanamke mmoja. Amesema nikupigie mwenyewe, ili unisikie. Naitwa Denis. Mimi ni yule wa Fungo, kijana wa pili kwenye klipu yako."

Kisakye akasimama kando ya barabara.

"Sina baba, dada. Niliokotwa mlangoni mwa kanisa nikiwa mchanga. Ukoo wangu siujui, hilo la Fungo nilipewa tu. Wakwe walisema bila baba hawaketi. Yule mzee alikuja akakaa nami jioni nzima, akaniuliza napenda nini, nikiumwa nani huniuguza, ili siku ile asinisifu uongo. Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa mwanangu na mtu mzima. Sasa mashemeji wamekuja wamemchukua mke wangu. Mimi sikutukani. Nilitaka tu uijue sauti yangu, maana umeshanionyesha sura kwa watu wote."

"Denis, mimi..."

"Uwe na siku njema, dada."

Akakata. Kisakye alisimama pale pale, bodaboda zikimpigia honi. Kwa mara ya kwanza aliona aibu, na aibu yenyewe ilichanganyika na hasira kwa Kamya. Nani huyo mwanamke mwenye kugawa namba yake?

Hakungoja sana. Alipofika dukani alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mwanamke mkubwa kidogo kwake, mwenye mwanya.

"Wewe ndiye B?" Kisakye aliuliza bila salamu.

"Ndiye mimi."

"Amekuoa?"

Mwanamke akamtazama, akaangua kicheko kikavu. "Anioe nani? Kamya? Huyo nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno. Mimi ni Babirye, dada yake. Pacha mkubwa."

Kisakye akamkazia macho mdomoni. Ule mwanya. Aliwahi kuuona ule mwanya.

"Na yule mzee wa uyoga..."

"Ssalongo Blasio. Baba yangu na baba yake Kamya. Hajawahi kukanyaga Mbarara. Anakaa Nakifuma hapo, nauli haifiki bei ya kuku. Kamya alitufuta sisi wote siku alipopata kazi ya ofisini. Nikampigia kumwambia mzee anazomewa sokoni, watoto wanamwimbia 'Baba Uyoga', hatoki nje, hali chakula. Ndipo akakiri kwamba mwenye ukurasa ni mchumba wake. Nikasema hii kali. Mtoto anamficha baba, mkamwana anamwanika!"

*

Kamya aliitwa akaja. Kisakye alikuwa amefunga duka, amekaa juu ya marobota.

"Uliapa hujawahi kumkodi."

"Sijawahi. Nani anamkodi baba yake?"

"Ukamkodi Festo!"

"Ningefanyaje?" Kamya akalipuka. "Ukumbini wote wanamjua uso! Ningemleta mbele ya baba yako, mwalimu mkuu, aseme mimi ni mtoto wa mzee anayekodishwa pamoja na viti na turubai?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua nitaolewa kwa uongo, na ukaniacha niwacheke wengine."

"Nilikuambia ufute!"

"Uliniambia nifute, hukuniambia kwa nini! Ungeniambia siku ile 'huyu ni baba yangu', ningefuta kabla hujamaliza sentensi."

Kamya akakaa sakafuni. Alipoanza kusema tena, sauti haikuwa ya ugomvi.

"Unajua nilikuwa nauona nini nikiwa mdogo? Jumamosi baba anavaa kanzu, anakwenda kumkumbatia mtoto wa mtu, anamsifu, analia machozi kabisa. Anarudi jioni sauti imekauka, analala. Maneno yote mazuri ameshayamaliza huko. Mimi sikuwahi kupata hata moja. Ndiyo, nilimwonea aibu. Lakini nilimwonea wivu kwanza."

Kisakye hakumshika mkono. Alimpenda, na pia hakumwamini.

"Nipeleke Nakifuma," alisema.

*

Mzee alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Kisakye alipiga magoti kwenye majani, akainamisha kichwa.

"Ssalongo, mimi ndiye niliyekuweka mtandaoni."

"Najua. Babirye ameniambia." Akaendelea kumenya. "Uongo uliosema ni upi?"

"Sikusema uongo, baba."

"Basi unaomba msamaha wa nini?"

Kisakye akainua kichwa.

"Mimi nilidanganya watu, ukasema nimedanganya. Sawa. Mdomo ni wako. Lakini uliniona sherehe tatu, ukala meza ya jirani yangu, hata siku moja hukuja kuniuliza, 'Mzee, hawa vijana ni akina nani?' Na uliposema ukajifunika. Mimi nilipodanganya nilisimama, watu wakaniona uso. Wewe umesema kweli ukiwa chini ya kitanda."

Kamya alikuwa amesimama mbali, karibu na migomba. Mzee hakumtazama. Alimtupia Kisakye kisu kingine.

"Menya. Na usifute. Ukifuta watasema nimekulipa."

*

Kesho yake mchana Kisakye alikaa mbele ya cherehani, akaiegemeza simu kwenye mkasi, akarusha mubashara. Sura yake, jina lake, kibao cha duka nyuma yake.

"Mimi ndiye Jicho la Kwanjula. Naitwa Kisakye, mnanijua, nimewashonea. Nimewaona mkiwa uchi wa nguo na wa siri, nikaenda kuwasema. Klipu ya mzee siifuti, kwa sababu niliyosema yalitokea. Lakini sikusema yote. Kuna kijana pale asiye na baba, nilimwanika bila kumuuliza. Denis, nimekukosea, na nitakwenda kwa wakwe zako kwa miguu yangu. Na mjue hili: mchumba wangu mimi alinikodia baba. Yule mzee mliyemcheka ndiye baba yake wa kweli. Kwa hiyo chekeni, zamu yangu. Anayetaka kurudishiwa gomesi yake aje, duka liko wazi."

Walikuja! Jioni ile ile walikuja kuchukua vitambaa vyao hata ambavyo havijakatwa. Mwanamke mmoja alimtemea mate mlangoni. Kwa wakwe wa Denis, Kisakye alikaa getini siku nyingine kuanzia asubuhi, shemeji mkubwa akamfungulia mbwa. Ila mke wa Denis aliona video ile, na baada ya siku kadhaa alitoka kwao na sanduku lake akarudi kwa mumewe, kaka zake wakitukana nyuma.

Baba yake Kisakye alimpigia simu.

"Nimekuona kwenye simu ya jirani."

"Ndiyo, baba."

"Kwanjula iko pale pale. Lakini aje na baba yake. Akija na yule wa suti, sifungui geti."

Kisakye akamwandikia Kamya: "Umesikia masharti. Mimi nimeshasimama barabarani kwa jina langu. Wewe je?"

Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja. Siku ya pili halikuja. Mpaka asubuhi ya sherehe, Kisakye akiwa chumbani anafungwa mshipi wa gomesi, hakujua ni nani atakayeshuka garini.

"Usichungulie dirishani," Senga alimkemea. "Bibi harusi hachungulii, na hasemi mpaka aitwe."

"Senga, wamekuja wangapi?"

"Wengi."

"Yumo?"

Senga akachungulia yeye.

"Yumo mwenye mwanya," akasema.

Nje, turubai mbili zilitazamana, wenyeji upande huu, wageni upande ule. Msemaji wa wenyeji, mtu wa maneno mengi, alishika kipaza sauti.

"Wageni, huyu mzee tunamjua! Tumemwona kwa Nyani, tumemwona kwa Mbega. Leo amekuja na ukoo upi?"

Watu wakacheka, simu zikainuliwa juu.

"Baba wa kijana asimame ajieleze mwenyewe!"

Ssalongo Blasio akasimama. Kanzu ilikuwa ileile, imepigwa pasi. Mtu aliyejua kupanga maneno ya kila ukoo kasoro wake alikohoa, akaanza.

"Mimi ni wa Uyoga. Nimekuja na... Huyu ni..."

Akakwama. Akafuta uso. Akajaribu tena, sauti haikutoka.

"Amesahau wa leo!" mtu akapiga kelele nyuma. Kicheko kikavuma turubai zote mbili.

Sasa jueni kwamba kwenye kwanjula bwana harusi hukaa katikati ya wenzake kama hayupo. Ana msemaji wake wa kumsemea. Yeye hafungui mdomo.

Kamya akasimama.

"Huyu ni baba yangu," alisema, na alisema kwa nguvu mpaka watoto wakaacha kukimbia. "Hajasahau. Analia, kwa sababu safari hii ni kweli. Mimi ndiye niliyemsahau. Nilikodi mwingine kwa sababu nilimwonea aibu, na niliyemwonea aibu ndiye aliyenisomesha kwa sauti yake. Rekodini. Pelekeni mtandaoni, jina langu ni Kamya, mwana wa Ssalongo Blasio wa Nakifuma."

Hakukuwa na kicheko tena. Msemaji wa wenyeji akageuka kumtazama mwalimu mkuu, kisha akakumbuka kazi yake.

"Jamani! Bwana harusi amesema! Nani amemruhusu? Faini!"

"Taja," Kamya akajibu.

"Mbuzi!"

"Nitaleta."

"Na kwa kunijibu tena, mbuzi wa pili!"

Ndani, Senga aliruka kumziba Kisakye mdomo, akachelewa. Dirisha lilishafunguka.

"Huyo wa pili nitaleta mimi!"

"Banange! Na bibi harusi naye?" Msemaji akashika kichwa. "Hawa wametoka wapi?"

Mzee Blasio alikuwa bado amesimama, machozi yanaingia kwenye mwanya, anacheka. Sauti ilikuwa imemrudia.

"Wangu hao," alisema. "Wote wawili ni wangu."